Haki za Mwanamke Mfungwa katika Fiqhi na Historia ya Uislamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Swahaba zake.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa mtu akishahukumiwa kifungo, hana tena haki ya kudai chochote. Mfungwa akiwa mwanamke, kauli huwa kali zaidi: ameitia aibu familia, basi na akae huko huko. Mume huenda akampa talaka, ndugu wakaacha kumtembelea, na msikitini asitajwe hata katika dua. Makala haya yanakusudia kuonesha kuwa msimamo huo hauna asili katika Sharia. Kifungo humwondolea mtu uhuru wa kwenda atakako. Hakimwondolei utu wake, sitara yake, ibada yake wala umama wake. Na anayemfungia ndiye mwenye dhamana ya kumpatia kila ambacho kifungo kimemzuia kujitafutia mwenyewe.

MSINGI WA DHAMANA HIYO

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Tuizingatie sababu ya hukumu hii. Paka aliye huru hujitafutia riziki yake, lakini aliyefungiwa amezibiwa njia, na hapo mzigo humwangukia aliyefunga mlango. Ikiwa hayo ni kwa mnyama, vipi kwa binadamu aliyetukuzwa na Mola wake?

Tena katika Sura ya Al-Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Mateka wa zama hizo alikuwa aghlabu ni adui aliyeshikwa vitani. Hata hivyo, uadui wake haukumfanya akose chakula.

MWENENDO WA MTUME (S.A.W.)

Mwaka wa 9 Hijria aliletwa Madina binti wa Hatim wa kabila la Tayy, miongoni mwa mateka. Kwa mujibu wa Sira ya Ibn Is'haq, aliwekwa katika ua uliokuwa karibu na mlango wa msikiti. Mtume (S.A.W.) alipopita, bibi huyo alisimama akamweleza shida yake: baba amefariki, na mtu wa kumtetea hayupo. Hakukemewa kwa kuthubutu kusema. Alisikilizwa, akaachiwa huru, akapewa nguo, kipando na masurufu ya njiani, na akasubiriwa apatikane mtu mwaminifu wa kumfikisha kwao. Baadaye nduguye, Adiy bin Hatim, alisilimu.

Imam Muslim amepokea pia habari ya mwanamke wa Juhayna aliyekiri zinaa naye ana mimba. Mtume (S.A.W.) alimwita walii wake akamuamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Hapa pana fundisho kubwa: mwanamke huyu alikuwa amekiri kosa zito, na bado amri iliyotolewa juu yake ni kutendewa wema. Adhabu ni ile iliyohukumiwa. Matusi, njaa na udhalilishaji unaoongezwa juu yake ni dhulma.

MAKHALIFA NA MAFAKIHI

Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, aliwaandikia magavana wake kuhusu wafungwa. Alikataza mfungwa Muislamu kufungwa minyororo kwa namna itakayomzuia kuswali kwa kusimama, na akaamuru wanawake wawe na mahabusu yao peke yao.

Baada yake Kadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria), mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake cha Al-Kharaj. Humo anataka wafungwa wasio na kitu walishwe na kuvishwa kwa mali ya umma, wanawake wakitengewa mavazi yao pamoja na ushungi, nguo za kipupwe na za kiangazi. Alipendekeza wapewe fedha mikononi, kila mmoja kwa jina lake, kwa kuwa mkate ukipitia kwa walinzi huishia kwa walinzi. Alitaka pia kesi zao zipitiwe mara kwa mara, na asiye na kesi aachiwe. Zimepita karne kumi na mbili, na wangapi leo wamo mahabusu wakisubiri kesi isiyosikilizwa?

MTOTO ANA KOSA GANI?

Sura ya Al-An'am, aya ya 164, inabainisha kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto anayeingia gerezani mgongoni mwa mama yake hana hatia yoyote. Nchini Kenya, sheria ya magereza inaruhusu mtoto mchanga kukaa na mama yake mpaka afikie umri wa miaka minne. Ruhusa hiyo inaafikiana na haki ya kunyonyeshwa na kulelewa, lakini haitoshi yenyewe: mtoto huyo anahitaji maziwa, chanjo na mahali pa kucheza, na mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha kumtosha.

Wengine husema haki za wafungwa ni jambo la kigeni. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok kuhusu wanawake wafungwa. Zinataka wapatiwe taulo za hedhi bila malipo, na zinakataza mwanamke kufungwa pingu wakati wa uchungu na wa kujifungua. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 zinataka wanawake wasimamiwe na askari wanawake. Je, lipo hapo linalopingana na sitara na huruma tuliyofundishwa? Bali mengi yake yana mfano katika waraka wa Umar bin Abdul-Aziz na kitabu cha Abu Yusuf.

WAJIBU WETU

Maimamu na wanafunzi wa elimu wanaweza kuanza na haya. Kwanza, kila msikiti ujue gereza la wanawake lililo karibu nao, na akina mama wa msikiti waombe kibali cha kulitembelea, wakichukua sabuni, taulo za hedhi, nguo za mtoto na mitandio ya kuswalia. Pili, aliyefungwa kwa deni asilo na uwezo wa kulilipa aangaliwe kwa mizani ya Al-Baqara, aya ya 280, inayoamrisha mwenye dhiki apewe muda. Nao wenye madeni wametajwa katika mafungu ya zaka (At-Tawba, aya ya 60). Tatu, wanasheria Waislamu wajitolee kuwasimamia wasio na wakili. Nne, khutba ziwakumbushe waume, baba na kaka kwamba kifungo hakikati udugu wa damu.

Binti wa Hatim alimkuta mtu wa kumsikiliza mlangoni mwa msikiti. Dada zetu walio gerezani leo wanastahiki kuwapata watu kama hao misikitini mwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafariji wafungwa wote, awape toba wenye makosa na faraja waliodhulumiwa. Wallahu a'lam.