Mtoto Ashindwaye na Hesabu: Mpime Kwanza

Katika shule nyingi yuko mtoto asomaye vizuri na kuimba vizuri, lakini saa ya hesabu ikifika anainamisha kichwa. Mwalimu husema, "Huyu ni mvivu." Baba husema, "Fimbo itamfundisha." Jirani husema amerogwa. Mwisho mtoto anaacha shule. Je, daktari mwema hutoa dawa kabla ya kupima? Hapana. Basi na mwalimu apime kwanza.

Anza na mwili. Mtoto asiyeona ubao hawezi kunakili namba. Chora herufi E kubwa na ndogo, umsimamishe mbali mita 6, ufunike jicho moja, kisha la pili. Halafu simama nyuma yake, mbali kadiri ya mkono mmoja, umnong'onezee namba. Akishindwa kuzirudia, masikio yake yatazamwe. Uliza pia: Amekula asubuhi? Ana homa mara kwa mara? Ana minyoo, au upungufu wa damu? Mambo hayo huchosha akili, nayo yana dawa. Ukiona rovu shingoni, mpeleke hospitali, tena nyumbani watumie chumvi yenye madini ya ayodini.

Tazama lugha. Mpime kwa lugha ya nyumbani kwao. Akishindwa kwa Kifaransa lakini akiweza kwa Kiswahili, shida yake ni lugha, si hesabu.

Kisha pima hesabu yenyewe. Chukua watoto wa mwaka wa tatu, mmoja mmoja, mahali penye utulivu:

1. Weka punje 3 au 4 za maharagwe chini ya kitambaa. Funua kidogo, ufunike tena. Ni ngapi? Watu wengi hutambua idadi hiyo kwa kutazama mara moja, bila kuhesabu.
2. Ipi ni kubwa, 6 au 9? Na 48 au 52?
3. Ahesabu kwa kurudi nyuma, toka 20 mpaka 1.
4. Mwulize 3 na 4 ni ngapi. Je, bado anaanza vidole tangu cha kwanza kila mara?

Andika majibu, uangalie pia anachukua muda gani. Mlinganishe na wenzake wa darasa lake. Usimcheke, wala usimpime mbele ya wengine, maana mwenye hofu husahau hata anayoyajua.

Wako watoto ambao macho ni mazima, masikio ni mazima, akili ni njema, walifundishwa vema, lakini namba haziwakai. Wataalamu huita shida hiyo diskalkulia. Mwaka 1974 Ladislav Kosc wa Chekoslovakia aliandika juu yake, na mwaka 2003 Brian Butterworth wa London alitoa kipimo cha kompyuta chenye kuhesabu nukta na kulinganisha namba. Huonekana kwa watoto 3 hata 7 katika 100. Katika darasa la watoto 50 yaweza kuwa 2 au 3. Huo si uchawi, wala si uvivu. Ni jinsi ubongo unavyoshika namba.

Lakini kumbuka: kipimo hiki cha darasani si hukumu. Chaonyesha tu nani atazamwe zaidi. Usimpe mtoto jina la ugonjwa kwa siku moja.

Msaada ni huu. Kila siku dakika chache, si saa nzima. Ahesabu vitu avishikavyo: maharagwe, mawe, vifuniko vya chupa. Chora mstari wa namba chini, aruke juu yake mbele na nyuma. Sokoni mama amwachie ahesabu faranga za chenji. Asiende mbele mpaka jambo la kwanza limekaa. Baada ya muhula mmoja mpime tena, ulinganishe na yale uliyoandika mwanzo.

Wazazi na walimu, fimbo haijamfundisha mtu yeyote kuona, wala haitamfundisha huyu kuhesabu. Mpimeni mapema, angali mdogo, kabla hajajiita mjinga yeye mwenyewe.