Kiapo cha Bwana de Valera

Katika mwezi wa Agosti, 1927, Bwana Éamon de Valera alifika mbele ya karani wa Bunge mjini Dublin, akaiondoa Biblia iliyokuwa mezani, akayafunika kwa makaratasi maneno ya kiapo cha uaminifu kwa Mfalme wa Uingereza, kisha akatia saini kitabuni. Alishikilia kwamba hakula kiapo chochote. Alitimiza desturi tupu tu ili aruhusiwe kuingia Bungeni. Wanasheria watasema kwamba saini ni saini.

Ndugu msomaji, kwa ajili ya kiapo hicho hicho watu wa Ireland walikuwa wamekwisha kuuana.

Mzaliwa huyu wa New York, aliyelelewa Ireland akawa mwalimu wa hesabu, aliponea chupuchupu kuuawa baada ya maasi ya Pasaka ya mwaka 1916. Ulipofika wakati wa kujadiliana na Waingereza mwaka 1921, mwenyewe hakwenda London. Aliwatuma Arthur Griffith na Michael Collins. Mkataba waliourudisha uliziachia kaunti 26 serikali yao, ila wabunge waape uaminifu kwa Mfalme. Collins alieleza kuwa huo haukuwa uhuru kamili, bali njia ya kuufikia. De Valera aliukataa. Januari, 1922, Bunge liliupitisha kwa kura 64 dhidi ya 57, naye akajiuzulu. Mwezi wa Juni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, na mwezi wa Agosti Collins akauawa kwa risasi, umri wake miaka 31.

Si haki kumtwika mtu mmoja damu yote ile. Wenye bunduki hawakumsikiliza sana hata yeye. Hata hivyo, tazama yaliyofuata. Aliposhika serikali mwaka 1932, de Valera alikifuta kiapo mwaka 1933, akaleta Katiba mpya mwaka 1937, na mwaka 1938 Uingereza ikarudisha bandari tatu ilizokuwa imezishikilia. Yote hayo aliyapata kwa sheria na mazungumzo, katika Bunge lililozaliwa na mkataba ule ule alioukataa. Collins hakuwapo kuyaona.

Mpaka uliokigawa kisiwa haukutii sheria zake. Alistaafu urais mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 90 na macho karibu hayaoni, akafariki Agosti, 1975. Kaunti sita za kaskazini zilikuwa bado chini ya Uingereza, na ndivyo zilivyo hadi leo.