Kufuga Maji Buruburu

Kwa wiki sita tangi lilikaa sebuleni na maji yake, mawe yake, taa na pampu iliyonguruma usiku kucha, bila samaki hata mmoja. Watoto wa korti yetu ya nyumba hapa Buruburu, Nairobi, wakitoka shule walipita kuchungulia dirishani. "Anko, samaki wako wapi?" Niliwaambia mifugo imeshaingia, ila ni midogo mno haionekani kwa macho. Walicheka, wakaenda zao kucheza. Lakini nilikuwa nimewaambia kweli tupu.

Taka nyingi za mwili wa samaki ni amonia, naye huitoa kupitia matamvua. Baharini amonia hiyo hupotelea kwenye maji yasiyo na kikomo. Ndani ya lita 500 haina pa kwenda. Humrudia aliyeitoa na kumuunguza. Kinachomnusuru ni bakteria wa makundi mawili. La kwanza hula amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. La pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia isipozidi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria wa aina hii mwaka 1890, akiwa Zurich, akichunguza udongo wa shamba. Kwa miongo mingi wafugaji wa samaki waliamini kuwa hatua ya pili ni kazi ya Nitrobacter, mpaka utafiti wa mwaka 1998 ulipoonyesha kuwa mtenda kazi kwenye matangi ni kiumbe mwingine, Nitrospira.

Hawa si bakteria wa haraka. Wale wanaochachusha maziwa huweza kuongezeka maradufu kwa muda usiofika saa moja. Hawa wa amonia huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Ndiyo maana ya zile wiki sita. Nilitumbukiza kamba mmoja mbichi, nikamwacha aoze, kisha kila jioni nikapima maji kwa matone ya dawa kwenye kichupa cha kioo. Amonia ilipanda, ikakaa, ikashuka. Nitriti ikapanda nyuma yake. Siku ambayo zote mbili zilisoma sufuri nilifurahi kama mtu aliyeona shamba lake likichipua.

Shamba lenyewe ni mawe. Nilitumia mawe makavu ya matumbawe, yale yale yanayochimbwa Kilifi na kujengea nyumba za Pwani. Ni mwamba wa bahari ya kale, wenye umri wa zaidi ya miaka 100,000, na una vitundu ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu. Ukilitazama jiwe kwa lenzi utaona bado lina alama za nyota ndogondogo za matumbawe yaliyolijenga. Kulirudisha kwenye maji ya chumvi, kilomita karibu 500 kutoka lilikochimbwa, kulinigusa zaidi ya nilivyotarajia.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na suala la sakafu. Tangi la urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 50, likijazwa maji, mawe na kuwekwa juu ya meza ya chuma, hupita kilo 700, na uzito wote huo unakalia eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupangiwa takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Sisi wa Eastlands hatuhitaji kuelezwa maana ya sakafu kulemewa. Jengo la ghorofa la Huruma liliporomoka Aprili 2016 na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hiyo tangi langu liko chini kabisa, juu ya zege lililolala ardhini. Anayeishi ghorofa ya nne namsihi achague tangi dogo.

Fundi wa vioo, aliyezoea madirisha na meza, alitaka kujua tangi litachukua lita ngapi ili achague unene. Lakini kioo hakijui lita. Msukumo wa maji hutegemea kimo: ukiongeza upana kwenda nyuma, kioo cha mbele hakihisi tofauti, ukiongeza kimo, kinahisi mara moja. Tulikubaliana milimita 12.

Maji yenyewe yalikuwa mitungi 25. Mfereji wa kwetu hutoka kwa mgao, na maji yake, ambayo sehemu kubwa huanzia bwawa la Ndakaini, yametiwa klorini ili tusiugue. Klorini hiyo hiyo ingewaua bakteria wangu, basi nikayaacha maji kwenye mapipa siku kadhaa huku yakipuliziwa hewa. Kisha chumvi: gramu 35 hivi za madini katika kila kilo ya maji ya bahari. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kemia aulizwe: kwa nini nimeagiza chumvi ya ng'ambo ilhali mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, yanakausha Bahari ya Hindi kila siku?

Jibu liko kwenye mabwawa yale yale ya Gongoni. Maji ya bahari yakipungua hadi karibu nusu, chokaa huanza kutua chini. Yakipungua hadi sehemu moja kwa tano, jasi hutua. Chumvi tunayoila haianzi kuganda mpaka maji yamebaki kama sehemu moja kwa kumi, na hapo magnesi na potasi bado zinaelea katika maji machungu yanayobaki. Mtengeneza chumvi anataka chumvi peke yake; kwake hayo mengine ni uchafu. Mfuga bahari anahitaji vyote: kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita, magnesi karibu 1,290. Mfuko wa chumvi ya mezani wa dukani, ulioongezwa madini joto, ni kipande kimoja tu cha bahari.

Na bado nilitengeneza Gongoni yangu sebuleni bila kujua. Januari hewa ya Nairobi hukauka, tangi likawa linapoteza karibu lita 5 kila siku. Nami kila asubuhi nilijazia maji ya chumvi, nikiona ni sawa kwa kuwa tangi ni la maji ya chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi haipai. Baada ya siku 20 haidromita, kipimo changu cha chumvi, ilitoka 1.025 ikafika 1.030. Kama kungekuwa na samaki, ningekuwa nawakausha wakiwa majini. Tangu hapo kuna mstari wa kalamu nyekundu kwenye kioo, na kinachojaziwa ni maji matamu peke yake.

Samaki walikuja kwa basi la usiku. Nilichagua jozi ya Amphiprion allardi, samaki wa anemoni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki: mwili wa kahawia iliyokoza, mikanda miwili myeupe, mapezi ya rangi ya machungwa. Wote huzaliwa madume. Katika jozi, yule mkubwa hugeuka jike. Wapiga mbizi wenye leseni huwakamata kwa nyavu za mkono, nje ya hifadhi kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, ambako hakuna ruhusa ya kutoa kitu. Mifuko ilifika Nairobi imefura kama inayotaka kupasuka, kwa sababu hewa iliyofungwa usawa wa bahari hutanuka ikipandishwa zaidi ya mita 1,600.

Jozi ya kwanza ilikufa, na nilikosea mimi. Nilifungua mfuko, nikaanza kudondoshea maji ya tangi pole pole kwa saa nzima, nikidhani ndio upole. Safarini samaki hutoa hewa ukaa, nayo hufanya maji yawe na asidi kidogo. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile iliyolala hugeuka sumu kali papo hapo. Kipimo cha pH kikipanda kwa nukta moja, sumu huongezeka karibu mara kumi. Walihitaji kutolewa humo haraka. Jozi ya pili niliiandalia ndoo yenye chumvi inayolingana na ya mfuko, nikauacha mfuko uliofungwa uelee hadi joto lilingane, nikawahamisha kwa dakika chache. Hao ndio ninao.

Julai iliyofuata stima ilipotea jioni. Nilihofia baridi, lakini lita 500 za maji hupoa taratibu sana. Hatari ilikuwa pumzi. Maji ya bahari ya nyuzi 26 huko Mombasa hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Huku kwetu, penye hewa nyepesi, hayafiki 5.5 hata pampu ikifanya kazi. Pampu ikisimama, bakteria na samaki hugombania hicho hicho kidogo. Baada ya saa mbili wale wawili walikuwa juu kabisa, wanahema.

Tukachukua jagi. Unachota, unainua juu, unamwaga, maji yanaanguka na hewa. Watoto wa korti wakapanga zamu: majagi mia, halafu unampa mwenzako. Yule msichana aliyeniuliza samaki wako wapi alipanda stuli na tochi ya simu, akawa anahesabu ni mara ngapi kwa dakika jike anafungua matamvua, na kila tulipolegeza mkono alitupigia kelele.