Mapato ya Kugawana: Yanaishia Mfuko wa Nani?



Besiboli si mchezo mgeni tena kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji wa miwa ulio kwenye barabara ya Jinja kwenda Kampala, walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliandika vijana wawili wa Uganda. Basi ni vizuri tujue fedha za mchezo huo zinavyokwenda, maana wachezaji wa kule ni wafanyakazi, nao wana chama chao.

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30. Fedha za televisheni ya nchi nzima hugawanywa sawasawa. Lakini fedha za mlangoni na za televisheni ya mji ni za kila timu, na hapo ndipo timu ya New York inapoizidi mbali timu ya mji mdogo. Kwa hiyo kuna sheria: katika mikataba ya 2017 na 2022, kila timu ikishatoa gharama za uwanja hutia asilimia 48 ya mapato hayo katika mfuko mmoja, kisha mfuko hugawanywa mafungu sawa.

Tufanye hesabu ya timu mbili tu. Moja imepata 400, nyingine 100. Ya kwanza inatoa 192, ya pili 48. Mfuko una 240, kila moja inapewa 120. Mwisho ile kubwa ina 328, ndogo ina 172. Tofauti ilikuwa 300, sasa ni 156. Timu ndogo imepata bajeti ya kuajiri wachezaji wazuri.

Lakini kuna upande wa pili. Kwa timu 30, tajiri akiongeza mapato ya 100, 48 zinakwenda mfukoni, na fungu linalomrudia halifiki hata 2. Mchezaji hodari anayejaza uwanja anamletea kama nusu tu ya faida. Tajiri mwenye tamaa ataona heri aajiri wa bei rahisi, akae kitako akingoje mgawo.

Ndiyo maana mkataba unasema fedha za mgawo zitumike kuimarisha timu. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilizilalamikia rasmi timu nne, za Miami, Oakland, Pittsburgh na Tampa Bay, kuhusu matumizi ya fedha hizo.

Vita hii ni ya zamani. Mwaka 1994 matajiri walikubali kugawana kwa sharti kwamba mishahara iwekewe kikomo. Yaani mzigo wa timu maskini abebeshwe mchezaji. Wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti, na fainali za mwaka huo zikafutwa. Baada ya siku 232, mahakama ilipowazuia matajiri kubadili masharti ya kazi peke yao, mgomo ukaisha. Makubaliano ya 1996 yalileta mgawo, bila kikomo cha mishahara.

Wenzangu wa Namakwekwe na Jinja, mwajiri akisema kiwanda hiki kinalishwa na kile, kwa hiyo mshahara usipande, msibishane naye kwa maneno matupu. Mwombeni hesabu: zimeingia ngapi, zimegawanywaje, na ngapi zimefika kwa mfanyakazi. Mgawo usioonekana kwenye bahasha ya mshahara umeishia kwa tajiri.