Pembe Isiyokaa Mezani

Katika ruracio moja, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, kule Murang'a nilikabidhiwa pembe iliyojaa pombe ya muratina. Nilipiga mafunda mawili, kisha nikatafuta pa kuiweka. Sikupaona. Pembe ya ng'ombe haina kitako: ukiilaza inamwaga, ukiisimamisha inaanguka. Mzee aliyeketi kando yangu alinyoosha mkono, akaipokea, akanywa, akampa wa pili yake. Mchana kutwa sikuona pembe yenye kinywaji ikitua mezani.

Jambo hilo lilinikaa rohoni hadi nikamtafuta fundi wa pembe hiyo, mzee mpole anayefanyia kazi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yake. Wakikuyu huiita ruhia, akanieleza, na kukosa kitako si kasoro yake. Pombe ya posa si ya mtu mmoja. Binti huulizwa mbele ya pande zote mbili kama inywewe. Akiridhia, huionja na kumpa baba yake. Kuanzia hapo, kwa mzee huyu, pembe ni ya kupokezana tu.

Pembe mbichi ina mfupa ndani. Fundi huiloweka kwenye ndoo siku nyingi, mpaka kinachoushika mfupa kioze, kisha huigonga kwenye gogo hadi mfupa uchomoke. Uvundo wake majirani wanaujua. Baadaye huichemsha ilainike, huikata mdomo, huikwangua kwa kisu na kwa kigae cha chupa, huipiga msasa na kuipaka mafuta ya mbarika. Alininyooshea moja juani. Mdomoni ilipitisha mwanga wa rangi ya asali. Kuelekea nchani rangi ilikolea taratibu, ikawa nyeusi ti. Niliishika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Pembe hizo hazitoki tena kwa ng'ombe wa kijijini. Ndama wa Friesian wanaofugwa huko huchomwa vichipukizi vya pembe wangali wachanga, wasije wakaumizana zizini. Za nyati hazigusi. Sababu ni kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hutegemea machinjio yanayopokea zebu, wakiwemo Boran, kutoka maeneo makavu, na wachinjaji wengi huzitupa pembe zao.

Siku hizi wateja humwomba aipachike pembe kwenye kitako cha mbao, ipendeze pichani. Huwatengenezea, maana ndiyo riziki yake. Nikamuuliza: Guka, yaani babu, pembe iliyosimama peke yake itamfanyaje mtu amtafute mwenzake? Aliendelea kukwangua. Sikupata jibu, na mwenyewe sina.

Wanawe hawakuichukua kazi hii. Kama kwako kuna kijana mwenye mkono wa ufundi, mpeleke akae na wazee wa namna hii. Huyu wangu yuko tayari kufundisha bila malipo; anachotaka ni mtu atakayeustahimili uvundo wa ndoo.