Kitufe Kisicho na Jina

Jumamosi moja ya mvua nilikaa sebuleni kwa jirani yangu hapa Kalimoni, karibu na Juja, nikimtazama akijaribu kujisajili kwa mafunzo ya mtandaoni. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, asiyeona tangu utotoni. Kompyuta yake ilikuwa mezani na skrini yake imefunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi, kwa kuwa yeye hana haja nayo. Alinipa kipokea-sauti kimoja cha sikioni, kingine akabaki nacho.

Nilichosikia kilikuwa kama mnadani sokoni: sauti ya mashine inayokimbia hivi kwamba sikuokota hata neno moja. Nikamwomba apunguze kasi. Akacheka. "Hiyo ndiyo kasi yangu, mzee. Nikisoma kwa kasi yako, kozi ya wiki mbili nitaimaliza Krismasi." Akaipunguza hata hivyo, kwa heshima tu, na sasa nikasikia vizuri ukurasa ule ulivyokuwa ukimwambia: kitufe. Kitufe. Picha. Kiungo. Kitufe.

Kitufe cha nini? Hakuna aliyejua. Mimi mwenye macho nilipoinua kitambaa niliona mshale wa kijani, bahasha ndogo, na picha ya kufuli. Yeye alikuwa na neno moja tu, kitufe, likirudiwa kama mtu anayegonga ukuta akitafuta mlango.

Akabonyeza herufi H. Katika programu anayotumia, H humrusha msomaji kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, kama vile wewe unavyotupa jicho kwenye gazeti ukichagua pa kuanzia. Mashine ikajibu kwamba hakuna kichwa cha habari. Vichwa vilikuwepo, vikubwa na vyenye wino mzito. Ila aliyevitengeneza alikuza maandishi tu, bila kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa. Basi kijana akaanza kupita kitu kimoja baada ya kingine kwa kitufe cha Tab. Nilihesabu. Alibonyeza mara arobaini na moja kabla ya kuifikia fomu. Mwishoni mwa fomu akakutana na fumbo la kuthibitisha kwamba yeye si roboti: chagua picha zote zenye taa za barabarani.

"Mzee," akasema taratibu, "hebu nionyeshe taa ziko wapi."

Nilimwonyesha, na akaingia. Lakini lile ombi halijaniondoka. Mtu mzima, mwenye cheti chake cha sekondari, alihitaji jirani amshike mkono ili aingie darasani kwake mwenyewe, darasa lililotangazwa kuwa wazi kwa Wakenya wote.

Na hili linatokea mahali gani? Ukipanda matatu hapa Juja kuelekea Thika, safari ni fupi tu kabla hujafika kwenye shule ya wasioona ambayo Jeshi la Wokovu lilianzisha mwaka 1946. Vizazi vya Wakenya wasioona vimejifunza nukta nundu pale. Thika hiyohiyo ina Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Ukielekea upande wa pili, Kasarani, kandokando ya barabara hii hii ya Thika, iko KISE, taasisi ya taifa inayofundisha walimu wa elimu maalumu tangu 1986. Ni vigumu kupata kipande kingine cha barabara nchini chenye maarifa mengi namna hii kuhusu ulemavu na elimu. Mtengenezaji wa mafunzo ya mtandaoni aliye Nairobi au Juja hawezi kusema alikosa wa kumuuliza.

Tena watoto wa Thika walikwisha kujifunza kompyuta. Mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE, na maabara yake ya kwanza ya kompyuta kwa wasioona ilifunguliwa kwenye shule ya msingi ya wasioona ya Thika. Baadaye mpango ukaenea hadi shule nyingine, zikiwemo za Likoni na St. Oda. Wanafunzi wamefundishwa kuandika kwa kibodi bila kuiona, kutuma barua pepe, kutafuta habari kwenye intaneti, hata kuandika msimbo wa kompyuta. Kwa hiyo anayesema kwamba watu hawa hawajawa tayari kwa masomo ya mtandaoni amepindua mambo. Wao walijiandaa zamani. Masomo ndiyo ambayo hayajajiandaa.

Nieleze mashine ile inavyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo penye kiini. Programu ya kusoma skrini haioni rangi wala mchoro. Inasoma yale ambayo mtengenezaji aliyaandika nyuma ya ukurasa. Ukichora mshale na usiandike popote kwamba mshale huu maana yake ni "somo linalofuata", mashine haina la kusema ila "kitufe". Ukiweka picha ya mchoro wa moyo bila maelezo, itasema "picha", au itasoma jina la faili, mkururo wa herufi na tarakimu usio na maana. Ukipiga picha kurasa za kitabu na kuzipandisha kama PDF, jambo ambalo wahadhiri wengi hulifanya kila muhula, mashine itanyamaza kabisa, maana mbele yake hakuna herufi hata moja. Kuna picha ya herufi tu.

Wapo wanaodhani tatizo ni gharama ya vifaa. Zamani ilikuwa hivyo zaidi. JAWS, programu iliyotangulia kwa umaarufu, ni ya kununua na bei yake ni nzito kwa mfuko wa Mkenya wa kawaida. Lakini mwaka 2006 Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, nayo hutolewa bure kwa yeyote. Ndiyo anayotumia jirani yangu. Simu nyingi za Android nazo huja na TalkBack ndani yake. Mwanafunzi anaweza kuwa na kila kitu anachohitaji kwa bei ya simu na bando.

Kuna jambo dogo linaloniuma zaidi kwa sababu linatugusa sisi wa Kiswahili. Kijana alifungua somo moja lililoandikwa kwa Kiswahili safi, na mashine ikalisoma kwa matamshi ya Kiingereza. Sikulielewa hata kwa kasi ya kobe. Sauti ya Kiswahili ilikuwamo ndani ya NVDA, imelala tu, kwa kuwa ukurasa haukutamka kuwa ni wa Kiswahili. Tamko hilo ni herufi mbili kwenye msimbo, s na w. Herufi mbili zimekosekana, na somo zima limegeuka kelele.

Sijamsahau kiziwi. Kwake yeye video isiyo na maandishi chini ni mtu anayechezesha midomo. Maandishi yanayotungwa na mashine yenyewe husaidia kiasi, lakini mwalimu akichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama tunavyozungumza sote hapa, mashine hupotea, na asiposahihisha mtu, kiziwi hufundishwa makosa. Wapo pia ambao lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha ambayo Katiba ya 2010 inaitambua. Kwao mkalimani kwenye kona ya skrini ndiye mwalimu. Naye aliyesoma Joytown, ambaye huenda anaandika kwa kidole kimoja, akipewa mtihani wa kuburuta majibu kwa kipanya ndani ya dakika kumi, atakuwa amepimwa wepesi wa mkono na si akili.

Sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu na njia nyingine zinazomfaa, na ya kupata nyenzo za kumwondolea vikwazo. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952. Mwaka 2025 Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ikapata mrithi wake. Duniani nako miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG, imekuwepo tangu 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Inaeleza mpaka kiasi cha tofauti ya wino na usuli kinachomwezesha mtu mwenye uoni hafifu, kama wengi wenye ualbino, kusoma bila kutesa macho. Hakuna fumbo lililobaki hapo.

Kinachobaki ni tabia ya kusema "tutaongeza baadaye". Hapa Kalimoni na Juja tunaijua tabia hiyo kwa majengo. Kila kukicha ghorofa jipya la kupangisha wanafunzi linainuka, ngazi zikiwa nyembamba na njia ya kiti cha magurudumu haimo kwenye ramani. Likishapakwa rangi, mwenye nyumba akiombwa njia hiyo atakwambia ni ghali, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu sasa lazima abomoe. Angeichora mwanzoni ingemgharimu mifuko michache ya saruji. Kozi ya mtandaoni ni vivyo hivyo. Kuandika jina la kitufe siku unapokitengeneza ni kazi ya sekunde. Kurudia masomo mia mbili baadaye ni kazi ya miezi, na ndiyo maana haifanyiki.

Hata mwalimu asiyejua msimbo ana sehemu yake, nayo ni ulimi. Kwenye video niliyosikiliza na jirani yangu mwalimu alisema, "Kama mnavyoona hapa, hiki kimepanda na hiki kimeshuka." Angesema "mauzo yamepanda na gharama imeshuka", kijana angepata somo lote bila senti moja ya ziada, na hata sisi wenye macho tungeelewa haraka.

Jirani yangu alifika somo la tatu. Jaribio la somo hilo lilikuwa la kuburuta picha, na bila kulipita, somo la nne halifunguki. Aliwaandikia wenye mafunzo barua pepe, ndefu na ya adabu, akieleza kila kikwazo na namna ya kukiondoa. Mpaka ninapoandika haya hajajibiwa.

Nawe unayeandaa mafunzo, iwe ni ya chuo, ya kaunti, ya kanisa au ya chama cha akiba na mikopo, nakuomba jambo moja kabla hujayatangaza. Weka kipanya kando, funika skrini kwa kitambaa, washa NVDA, ujaribu kufika mwisho wa somo lako la kwanza. Kisha mwite mmoja wa wale waliosoma Thika, umlipe kama unavyomlipa fundi yeyote, naye ajaribu. Asipofika mwisho, usifungue hilo darasa.