KUWAPELEKA WATOTO PWANI MSIMU WA KASKAZI

Kila mwaka, shule zifungwapo mwezi wa Desemba, jamaa nyingi za bara husafiri kwenda Mombasa, Malindi na Diani ili watoto wapate kuiona bahari. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, yaweza kumalizika kwa muda wa saa 5 au 6. Furaha ya watoto huanza njiani, kwa kuwa reli hiyo yapita katika mbuga ya Tsavo, na mara nyingi ndovu huonekana madirishani.

Lakini ajuaye mto au ziwa hajaijua bahari bado. Bahari ya pwani huondoka ikarudi, tena mara mbili kwa siku. Mzazi aelewaye mwendo huo ataweza kuwafurahisha watoto wake kwa gharama ndogo na kuwarudisha nyumbani salama.

PEPO MBILI

Watu wa pwani huugawa mwaka kwa pepo. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, tangu Aprili hadi Septemba hivi. Huleta mawimbi makubwa, hutupa mwani mwingi ufukoni, na maji huwa na vumbi la mchanga. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Huo ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa meupe, hata mtoto aweza kuona miguu yake mwenyewe ndani ya maji. Kwa hiyo huu ndio msimu ufaao kwa watoto wadogo.

Waendao mwezi wa Agosti nao wasisikitike. Kusi ndiyo hurusha tiara vizuri. Karatasi nyepesi, chelewa mbili za mnazi, uzi na mkia wa kitambaa vyatosha kuwashughulisha watoto mchana mzima pasipo mtu kuingia majini.

MAJI KUPWA NA KUJAA

Maji hujaa na kupwa kwa kuvutwa na mwezi na jua. Tangu kupwa hadi kujaa hupita saa 6 na kidogo, na kila siku saa ya kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikiwa maji yamekupwa saa nne asubuhi siku ya Jumamosi, Jumapili yatakupwa karibu na saa tano kasoro dakika kumi.

Mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, mwezi na jua huvuta pamoja, na siku chache zifuatazo huwa ni za bamvua. Hapo maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana. Katika Mombasa tofauti yake hupita mita 3. Mwezi uwapo nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hupungua ikawa kama mita 1 tu. Siku za bamvua katika Mombasa maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na kujaa karibu na saa kumi jioni. Basi mtu aliye Machakos au Nyeri, akitazama mwezi tu, aweza kuchagua siku njema ya kuwaonyesha watoto mwamba ulio wazi.

Jambo moja yafaa lishikwe sana. Maji hayapandi kwa kipimo kimoja saa zote. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo tu, na watu hudhani yamesimama. Saa ya tatu na ya nne hupanda kwa nguvu, hata karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Siku ya bamvua hiyo ni kama mita 1 na nusu, na mtoto wa miaka 4 kimo chake ni kama mita 1. Tena maji hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma ya watu, kati ya mwamba na ufuko, hata waliosimama mahali pakavu huzungukwa bila kujua.

MICHEZO NA MAMBO YA KUONA

Maji yakupwapo, mwamba huacha vidimbwi vyenye viumbe vingi. Watoto wataona kaa, jongoo wa pwani, kiti cha pweza chenye mikono mitano, na kaa mdogo ahamaye kwa kubeba kombe la konokono aliyekufa. Mtoto na afundishwe kutazama bila kuchukua. Jiwe likigeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwani viumbe wakaao chini yake hufa wakipigwa na jua. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, na ile ya Mombasa ya mwaka 1986, kuokota makombe au kuvunja matumbawe ni kosa la sheria.

Watoto wapendao mchanga wajenge nyumba na kuchimba visima. Mzazi naye asimike kijiti mahali maji yalipofikia, kisha awaulize watoto kila baada ya muda kama maji yanakikaribia au yanakiacha. Mchezo huu huwafundisha mwendo wa bahari, tena ni saa ya bure: maji yakianza kukirudia kijiti, walio mwambani hawana budi kurudi ufukoni mara moja.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Wazazi wengi hungojea kusikia kelele, kumbe mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele, maana kinywa chake kimo majini. Kwa sababu hiyo yapasa mtu mzima mmoja awekwe kuwatazama watoto tu, bila simu wala mazungumzo, naye awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Achokapo, mwingine ashike zamu kwa kutajwa jina. Watu kumi wakiachiwa kazi hiyo pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Mipira ya tairi inayokodishwa ufukoni ni ya kuchezea, wala si mlinzi, kwa sababu hupeperuka upesi kuliko mtu awezavyo kuogelea. Mtoto akitolewa majini naye hapumui, asipinduliwe kichwa chini ili kumwaga maji. Apuliziwe pumzi mara moja, na watu waite msaada.

Mwambani watoto wavae viatu vya mpira, maana wako wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na samaki wenye sumu wanaofanana na mawe. Jua la kaskazi ni kali, hasa tangu saa tano hadi saa tisa. Wakati huo wakae kivulini, wavae kofia, na wanywe maji safi au dafu hata kama hawajasema wana kiu.

Siku iliyopangwa kwa kufuata mwezi haihitaji fedha nyingi. Asubuhi ni ya mwamba na vidimbwi, adhuhuri ni ya kivuli na mihogo ya kuchoma, na jioni ni ya mchanga na kutazama ngalawa zikirudi. Mtoto aliyeona hayo atarudi bara na elimu asiyoweza kuipata ubaoni, na mzazi wake hatakuwa na la kujuta.